Asali ya nani? Miezi niliyokaa nyuma ya meza za wengine

Baba yangu aliamini methali moja kuliko zote: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alikuwa mfuga nyuki kule Sikonge, mkoani Tabora, na mizinga yake ilining'inia kwenye miyombo na mitundu, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka nyumbani. Hakuwahi kutembeza asali. Watu walimfuata na ndoo zao mpaka uani. Alipofariki, mizinga ikabaki kwangu na kaka yangu, na ile methali nayo tukairithi.

Julai 2022 nilipeleka chupa 240 kwenye maonyesho ya Sabasaba, Dar es Salaam. Nilirudi Tabora na chupa 197.

Idadi iliniuma, lakini kilichonikosesha usingizi ni jinsi nilivyozikosa pesa zile. Juni na Julai kwetu Tabora usiku ni baridi, na asali ikikaa kwenye baridi huanza kuganda: ile sukari yake ya glukosi hujitenga na kufanya chembechembe. Ndivyo asali ilivyo. Lakini mteja wa Dar es Salaam ameshauziwa asali ya kuchakachua mara nyingi mno. Alikuwa akinyanyua chupa yangu, anaigeuza juu chini, anaona weupe umekaa kwenye kitako, basi. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Hii wameweka sukari," na watu wanne waliokuwa nyuma yake wakaondoka hata hawajaonja.

Nikajitetea kwa kiberiti. Wengi mnalijua lile jaribio: unachovya njiti kwenye asali, unaiwasha, ikiwaka unaambiwa asali ni halisi. Nilimaliza viberiti vitatu kwa siku. Njiti ziliwaka, watu wakashangilia, wakaenda zao.

Baada ya hapo nililipa Sh 150,000 kuhudhuria semina ya masoko ya siku mbili hotelini. Nilitoka na daftari lililojaa maneno mazuri ambayo sikujua niyapeleke wapi. Kaka yangu ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Fundi cherehani wako alijifunza kwenye semina?" Nikamwambia hapana, alikaa na fundi miaka miwili. "Fundi gereji je?" Naye vilevile. Seremala, msusi, mpishi wa shughuli, wote walikaa na mtu. Akanyamaza, nikaelewa. Biashara nayo ina mafundi, na mimi sikuwahi kukaa na hata mmoja.

Wa kwanza nilimpata kwa dereva wa Fuso anayetubebea mzigo. Alikuwa akishusha mchele Tandale kwa mama mmoja, akanisifia: "Yule mama mvua inyeshe jua liwake, anauza." Nikamwomba aniombee. Mama akajibu kwa simu, kwa kifupi tu: "Aje, lakini mshahara sina." Nami sikutaka mshahara. Mwishoni mwa Septemba 2022 nikapanda treni na begi moja na chupa sita za asali, nikaenda kulala kwa shangazi yangu Manzese.

Tandale ni soko la nafaka. Mchele wa Mbeya, wa Shinyanga, wa Kahama, wa Morogoro, wote unashuka pale, na meza zimebanana kiasi kwamba mteja akisimama mbele yako anaona mchele wa watu watano bila kugeuza shingo. Wote wanauza kitu kilekile kwa bei zinazokaribiana. Nilitaka kujua kwa nini watu walisimama kwa Mama na si kwa jirani yake.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikafagia, nikafungua magunia, nikapanga mabeseni ya mfano. Siku ya pili nilitoa daftari nikaanza kuandika, Mama akalifunika kwa kiganja. "Mwanangu, mtu anayeandika sokoni wateja wanajua ametumwa. Andika ukifika kwa shangazi yako." Tangu siku hiyo nikawa nabeba kichwani hadi jioni, na nadhani ndipo nilipoanza kusikia.

Majirani walikuwa wanamuuliza mteja, "Unataka wa bei gani?" Mama hakuuliza hivyo hata siku moja. Yeye aliuliza, "Unapikia nani?"

Akaja mwanamke na kitenge kiunoni, mikono ina makovu ya mvuke. "Unapikia nani?" Anapikia mafundi ujenzi, sahani sitini. Mama hakumgusisha mchele wa Mbeya uliokuwa mbele kabisa. Akaenda nyuma, akachota mchele mkubwa, umekauka vizuri, akaumimina kiganjani mwa yule mama lishe. "Huu unavimba. Kilo moja itakutolea sahani nyingi kuliko ule. Harufu hauna, lakini mafundi wako wanataka kushiba." Alimuuzia mchele wa bei ya chini kuliko aliokuja kuuliza. Nikaona kama amepoteza pesa. Siku ya nne yule mama lishe akarudi na wenzake wawili.

Mchana akaja baba mmoja na suruali ya kazini. "Unapikia nani?" Wakwe wanakuja Jumapili. Hapo Mama hata bei hakuitaja kwanza. Alichota ule wa Mbeya, akaupeleka karibu na pua ya yule baba, akasubiri. Baba akanusa mara mbili. "Huu ukiufunika, mlango wa jirani unafunguka," Mama akasema. Baba alilipa bila kuomba apunguziwe.

Wa tatu alikuwa kijana wa chuo. Anajipikia mwenyewe, pesa ndogo. Mama akampa mchele wenye chenga, akampimia vizuri, akamwongezea kiganja kimoja cha nyongeza. Nikamuuliza baadaye, huyu faida yake iko wapi? Akasema, "Huyo ataoa."

Usiku ule kwa shangazi niliandika kurasa tisa. Kule Sabasaba nilikuwa na chupa za aina moja, za lita moja, na maneno ya aina moja kwa kila aliyepita: "Karibu asali halisi ya Tabora." Sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja asali hiyo ni ya nani. Mwenye kisukari anapita, nakaribisha. Mwenye mgahawa anapita, nakaribisha. Binti anayetaka ya kupaka usoni anapita, anahitaji kikopo kidogo, mimi namnyooshea lita nzima.

Jambo jingine Mama alilitoa siku ya kumi na mbili. Alichukua chupa yangu moja ya asali, akaiweka juu ya mizani ya mchele bila kuniambia kitu. Ikasoma kilo moja na gramu mia nne na ushee. Akanitazama. "Huko kwenu mnanunua kwa kilo au kwa lita?" Mizinga yetu haikutosha, kwa hiyo sehemu kubwa ya asali nilikuwa nanunua kwa wafugaji wenzetu, kwa kilo, Sh 7,000. Nami nauza kwa lita, Sh 12,000. Kichwani mwangu nilikuwa na faida ya Sh 5,000. Lakini asali ni nzito: lita moja inabeba kilo moja na nusu kasoro kidogo. Ndani ya kila chupa niliweka asali ya Sh 9,800. Kwenye Sh 2,200 zilizobaki nilitoa chupa, lebo, Fuso na chakula changu. Miaka miwili nilikuwa nafanya kazi bure na nikifurahia kuifanya. Nililia pale pale kwenye magunia. Mama akaniacha nilie, akaenda kuhudumia mteja, akarudi na chai.

Semina haikuniambia hilo. Wala isingeweza, kwa sababu mwendeshaji hakuwahi kuinyanyua chupa yangu.

Nilikaa Tandale wiki tano. Februari 2023 nikavuka kwenda Unguja, wakati watu wanaanza kujiandaa na Ramadhani, iliyoingia Machi mwaka ule. Mzee niliyekaa naye anauza viungo Darajani, ndani ya lile soko la mwaka 1904. Huyu nilimpata kwa mke wake, ambaye kwao ni Tabora, na tulikubaliana nilale kwao, nimsaidie Bi Mkubwa kazi za asubuhi, kisha niende sokoni na Mzee. Nilimchagua kwa sababu tatizo lake ni langu. Viungo vya kusaga vinachakachuliwa kama asali, na mnunuzi anafika akiwa ameshaamua kwamba anadanganywa.

Mzee si mwongeaji. Kwa Mama wa Tandale nilijifunza kwa masikio, kwa Mzee nilijifunza kwa macho. Aliuza viungo vingi vikiwa vizima, na kinu kidogo kilikaa mbele ya meza. Mteja akitaka binzari nyembamba ya unga, Mzee anachota nzima, anamtwangia pale pale. Lakini siku iliyonigeuza ni ya mdalasini. Alikuja mama wa Kizanzibari na buibui lake, akachagua fungu la mdalasini akamkabidhi Mzee afunge. Mzee akauvunja kijiti kimoja, akanusa, akaurudisha mezani. "Huu wa mwaka jana, harufu imeshaondoka. Utaujutia. Chukua huu." Akampa fungu jingine kwa bei ileile. Yule mama akanunua mdalasini, kisha iliki, kisha pilipili manga, kisha akamwita jirani yake aliyekuwa upande wa pili wa njia. Iliki na pilipili manga hakuvinusa.

Nikamweleza Mzee habari ya kiberiti, kwa fahari kidogo, nikidhani atanisifu kwa ubunifu. Uso wake ukabadilika. "Njiti ikiwaka ndiyo nini? Asali ya uongo nayo ikiwa nzito si itawaka?" Nikasema huenda. "Basi umewafundisha watu jaribio la uongo. Kesho mwenye asali ya uongo atalitumia hilohilo ulilowafundisha, na wewe huna tena pa kusimamia." Tukakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole: hiyo asali yako ina aibu gani ambayo wewe unaificha?

Inaganda, nikamwambia.

"Basi ianikeni hiyo."

Nilipinga. Nilimwambia watu wataiona wataondoka. Akasema waliondoka kwa sababu waliigundua wenyewe. Hili nimelifikiria sana tangu wakati ule, na bado naona ndilo jambo kubwa zaidi nililopata safari nzima. Siku hizi kwenye meza yangu chupa ya mbele kabisa ni iliyoganda, nyeupe kama samli, na kando yake bakuli la maji ya vuguvugu lenye chupa nyingine inayoyeyuka. Mtu akisimama naanza na hiyo mimi mwenyewe: asali hii huganda kukiwa na baridi, ukiipata hivi iweke kwenye maji ya vuguvugu, usiichemshe, joto kali linaua harufu yake. Maneno hayohayo yako kwenye lebo. Wala sisemi kwamba kuganda ni ushahidi wa uhalisia, kwa sababu si kweli. Iliyotiwa sukari nayo yaweza kuganda, na kuna asali safi inayokaa majimaji miezi mingi. Anayetaka uhakika namwonyesha alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, namtajia kijiji ilikotoka na mwezi ilipolinwa.

Kuna jambo moja la Mzee ambalo sikulichukua. Hataki kabisa habari ya simu. Kwake tangazo ni kinu tu na jirani anayemwita jirani. Namheshimu, lakini yeye ana meza Darajani, mahali watu wanapita wenyewe. Mimi nipo Tabora na wateja wangu wengi wapo Dar es Salaam na Dodoma. Bila picha za WhatsApp na malipo ya simu nisingewafikia. Kukaa na fundi hakukulazimu uvae hata viatu vyake.

Mombasa nilikaa siku tisa tu, Julai ya mwaka uleule wa 2023. Nilipita Tanga, nikavuka Horohoro kwa basi, nikafikia kwa mama mmoja mwenye duka la khanga, au leso kama wanavyoziita wao, Biashara Street. Mtaa huo ndio wenye duka la Kaderdina, waliopo tangu mwaka 1887, ambao leso zao hata Tanzania tunazitambua kwa maandishi madogo pembeni: Mali ya Abdulla. Nilikuwa nimeyaona maandishi hayo maisha yangu yote kwenye khanga za bibi yangu bila kujiuliza yanafanya kazi gani.

Siku ya tatu aliingia bibi mmoja na leso imechakaa, imebaki kipande. Alitaka mfano wake kwa ajili ya harusi ya mjukuu, kwa sababu yeye mwenyewe aliolewa na mfano huo. Mama mwenye duka hakuangalia rangi, zilikuwa zimeshafifia. Alikunjua pindo, akatafuta nambari ya mchoro. "Haya, mchoro huu upo, bado wachapwa, lakini rangi hii siku hizi hawaitoi. Wataka nyekundu au rangi ya chungwa?" Bibi alikaa chini kwenye kibao, akaanza kusimulia harusi yake. Aliondoka na doti kumi na mbili.

Kosa langu likasimama mbele yangu. Wateja wangu wachache waliorudi walikuwa wakilalamika, "Hii si ile." Na kweli haikuwa ile. Asali ya msimu mmoja haifanani na ya msimu mwingine. Maua yakiwa mengine, rangi na ladha huwa nyingine. Nilikuwa nachanganya yote kwenye pipa moja na kuandika Asali ya Tabora. Nikampa mtu kitu akakipenda, halafu nikamfungia njia ya kukirudia. Sasa kila mavuno yana nambari yake kwenye kifuniko, na daftari langu linasema nambari hiyo ni ya kijiji gani, mwezi gani, miti gani ilikuwa imechanua. Mama mmoja wa Dodoma hununua namba 7 pekee. Ikiisha hanunui nyingine, anasubiri, na mimi namwambia ukweli kwamba imeisha.

Watu huniuliza safari zote zile zilinigharimu nini. Nauli, chakula na zawadi nilizobeba, kama Sh 1,100,000 kwa mara zote tatu, na karibu miezi mitatu ya maisha yangu. Kaka alibeba mizinga peke yake muda huo, na hilo sikulilipa kwa pesa. Anayetaka kufanya hivi asiende mikono mitupu, na asiulize faida ya mtu wiki ya kwanza. Zaidi ya yote akae hata zile saa za mchana ambazo hakuna mteja. Mama wa Tandale aliniwekea chupa kwenye mizani saa nane mchana, soko limelala, nzi tu.

Sabasaba ya 2024 nilienda na chupa 180 za ujazo wa aina tatu, zote zimeandikwa kwa gramu na kilo, pamoja na ndoo ndogo za kilo saba kwa wenye migahawa. Zilirudi chupa 22, na ndoo zote ziliuzwa. Kwa kila aliyesimama niliuliza kwanza, "Asali ya nani?" Ya kwangu mwenyewe ya chai. Ya mume wangu ana kikohozi. Ya bibi. Ya keki. Kila jibu lina chupa yake.

Wiki iliyopita Mama wa Tandale alinipigia. Shikamoo, marahaba, mizigo inaendaje, kaka hajambo. Kisha akasema anataka kilo mbili za ile ya nyuki wadogo, nzuri kabisa, bei asijali.

"Ni ya nani, Mama?"

"Ya mjukuu wangu, wa huyu binti yangu wa mwisho. Wanasema inamfungua kifua."

"Ana umri gani?"

"Miezi minane."

Nilimwambia siwezi kumuuzia. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, hata kidogo kwenye ncha ya kidole, hata iwe safi namna gani, kwa sababu yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado halijaweza kupambana navyo, na ugonjwa wake ni wa hatari. Kifua wampeleke kwa daktari. Mama alinyamaza muda mrefu, nikasikia kelele za Tandale nyuma yake, mtu anapiga bei ya mchele wa Kahama.

"Mwanangu," akasema, "nitumie kilo moja ya kwangu, ya chai. Ya mtoto tutaongea akifikisha mwaka."

Nimeandika tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kwenye daftari, pembeni ya jina la bibi yake.